Risasi Ikigoma Kutoka Chembani

Umeinua mkono wa bolti, haukuinuka. Au umeinuka vizuri, bolti imerudi nyuma, lakini imerudi tupu, na ukichungulia chembani unaona kitako cha risasi kimekaa palepale. Kabla hujagusa kitu kingine, jibu swali moja: kilichokwama ni risasi nzima au ni ganda tupu? Jibu hilo ndilo litakaloamua kila hatua inayofuata. Njia inayofaa kabisa kwa ganda tupu inaweza kumkata mtu vidole, au kumtoa roho, akiitumia kwa risasi nzima.

Swali lenyewe ni jepesi, na watu hulijibu kwa haraka mno. Mnyama yupo mbele, mgeni aliyelipia uwindaji anahema, jua linazama, na mwenye bunduki anaona aibu mbele ya wenzake. Hapo ndipo nyundo hutafutwa. Mimi nasema hivi: risasi iliyokwama na kuachwa ilivyo, mtutu ukiwa umeelekezwa mahali salama, haimdhuru mtu. Mambo huharibika mikono inapoanza kazi kabla ya akili.

Ninazungumzia bunduki za bolti, zile unazozikuta kwa wawindaji wenye vibali na kwa askari wa wanyamapori: .375 H&H, .458 Winchester, .30-06, na zile .303 za Lee-Enfield zilizokuja na Waingereza. Bunduki zinazojikoki zenyewe zina utaratibu wake, na mwenye nayo afuate maelekezo ya kiwanda chake.

Hatua za mwanzo hazibadiliki, liwe ganda au risasi nzima. Kidole kitoke kwenye kifyatulio na kikae nje ya mkingo wake. Mtutu uelekee mahali ambapo risasi ikitoka itazama na kubaki humo: kichuguu, ukingo wa udongo, rundo la mchanga. Mwamba haufai, sakafu ya zege haifai, na kuelekeza angani ni kujidanganya, maana kinachopanda lazima kishuke. Watu wote wahamie nyuma yako, mbali kidogo, wasisimame ubavuni ambako ganda hutokea. Vaa miwani; hata ya jua ni bora kuliko macho matupu.

Kisha ondoa risasi zilizobaki kwenye magazini. Bunduki nyingi za kuwindia zina kifuniko cha chini kinachofunguka kwa bawaba, na huo ndio mlango wa kuzitolea bila kuigusa bolti hata kidogo. Kama yako haina, basi angalau ujue kwamba kila utakapovuta bolti nyuma na kuisukuma mbele, risasi nyingine inaweza kupanda na kuipiga ile iliyokwama kwenye kitako, penye fataki. Kichwa chenye ncha kikiligonga fataki kwa nguvu, yanayofuata hayahitaji maelezo.

Sefti nayo ina mambo yake. Mauser ya mwaka 1898, na baadaye Winchester Model 70, zina sefti ya nafasi tatu. Ile ya katikati huzuia pini isipige huku ikiiacha bolti ifunguke. Nafasi hiyo ndiyo rafiki yako leo, iweke hapo. Bunduki nyingine hufunga pini na bolti pamoja, kwa hiyo huwezi kuifungua chemba bila kwanza kuondoa sefti. Remington Model 700 za kabla ya 1982 zilikuwa hivyo. Mwenye bunduki ya namna hii anatakiwa kukumbuka kwamba dakika anapoanza kutoa risasi ndiyo dakika bunduki yake haina kizuizi chochote, na mwelekeo wa mtutu ndio kinga pekee iliyobaki.

Sasa turudi kwenye swali letu. Ulivuta kifyatulio? Ulisikia mlio kamili na bega likapigwa kama kawaida? Basi kilichomo ni ganda. Hukufyatua kabisa, uliingiza tu risasi na sasa haitoki? Basi ni risasi nzima. Jibu gumu ni lile la tatu: ulivuta, ukasikia mlio mkavu wa pini, kimya. Watu hutazama alama ya pini kwenye fataki na kusema imeshapigwa, ni salama. Alama hiyo haithibitishi chochote, kwa kuwa fataki lililogoma nalo huwa na alama hiyohiyo. Ukiwa na shaka hata chembe, hesabu kwamba ni nzima.

Na kama umesikia mlio mkavu, usifungue bolti. Kaa na bunduki vilevile, begani au juu ya kiegemeo, mtutu ukielekea shabaha. Fataki bovu au baruti iliyopata unyevu inaweza kuchelewa kuwaka. Chama cha wamiliki wa bunduki cha Marekani, NRA, hufundisha kusubiri angalau sekunde 30. Viwanja vingi vya shabaha hudai muda mrefu zaidi, na mimi napenda dakika mbili kamili, kwa saa. Sababu ni hii: bolti ikiwa imefungwa, chuma chote kizito cha bunduki kinalishika ganda. Ukiifungua nusu halafu baruti ikawaka, shaba nyembamba ya ganda haina wa kuishika. Hupasuka na kurusha vipande nyuma, yaani usoni mwako.

Muda umepita, au ni risasi ambayo haikufyatuliwa kabisa, na bolti haifunguki. Hapa inafaa kujua bolti inavyofanya kazi, maana wengi hutumia nguvu upande usio na faida. Unapoinua mkono wa bolti, kuna mteremko mdogo uliochongwa kwenye chuma unaoifanya bolti irudi nyuma kidogo sana, milimita chache tu, lakini kwa nguvu kubwa. Kuinua huko ndiko kunakong'oa ganda kwenye kuta za chemba. Kuvuta nyuma, baada ya mkono kuinuka, kunalitoa tu ganda ambalo tayari limelegea. Hakuna wenzo wowote unaokusaidia. Kwa hiyo mtu anayevuta nyuma kwa miguu yote miwili anapambana na kitu kisichopambanika, na kinachovunjika kwanza huwa ni ukingo wa kitako cha ganda au ile kucha ya bolti inayouvuta.

Basi nguvu ziwe za kuinua. Shika bunduki imara, kitako chake kikiwa kimeegemea kitu kilichotulia, na piga mkono wa bolti kwa kiganja kutoka chini kwenda juu. Ukikataa, tumia nyundo ya mpira, au kipande cha mbao kilichofungwa kitambaa, kwa vipigo vifupi vyepesi. Mkono mwingine usiwe mbele ya mtutu wala juu ya tundu la kutokea ganda, na uso uwe pembeni. Nyundo ya chuma usiiguse. Kwa risasi nzima, vipigo vitano sita vyepesi visipofaulu, umefika mwisho wako. Mtafute fundi bunduki.

Hali nyingine: bolti imefunguka, lakini kucha imeteleza na risasi nzima imebaki ndani. Kama imeingia chembani hadi mwisho, unaweza kuisukuma bolti mbele polepole, mara moja, ili kucha ishike tena, kisha ufungue kwa kuinua mkono wa bolti kwa nguvu moja. Bolti ikikataa kufunga, usiilazimishe. Wenye Mauser na nyingine zilizoiga kucha yake ndefu wawe waangalifu zaidi: kucha hiyo imeundwa ili risasi ipande kutoka kwenye magazini na kujipenyeza chini yake. Katika baadhi yake kucha haiwezi kuruka ukingo wa risasi ambayo tayari iko chembani, na ukiilazimisha ncha yake hukatika. Hapo utakuwa na matatizo mawili.

Njia iliyo salama zaidi ni kuitoa bolti kabisa. Bunduki isiyo na bolti haina pini, na isiyo na pini haina cha kulipiga fataki. Simamisha kitako cha bunduki kwenye ardhi laini, mtutu juu, kichwa chako na vya wengine vikiwa mbali na mdomo wake, kisha inamisha na kutikisa taratibu. Risasi iliyoshikwa na vumbi tu mara nyingi hudondoka yenyewe. Isipodondoka, ukingo wake unaweza kuvutwa kwa ukucha au kijiti cha mbao kilichochongwa bapa. Bisibisi hapana. Ncha yake ya chuma ingekuwa milimita chache kutoka kwenye fataki, na mkono hauwezi kuahidi kwamba hautateleza.

Sasa lile ambalo watu hulifanya kuliko yote: kuchukua ufito wa kusafishia, kuuingiza mdomoni mwa mtutu na kuigonga risasi nzima irudi nyuma. Usifanye. Kufanya hivyo ni kuweka mkono mbele ya mtutu wa bunduki iliyojaa. Bolti ikiwa imefungwa, kila pigo linalisukuma fataki dhidi ya uso wa bolti, penye pini. Baruti ikiwaka, ufito unatoka kama mshale, na mbele ya mshale huo kuna kiganja chako. Hata bolti ikiwa imetolewa, ganda halina wa kulishika, na likipasuka shaba itaruka nyuma. Wapo mafundi wanaojua kuifanya kazi hiyo, na vifaa vyao, kinga zao na benchi lao. Wewe porini huna hata kimoja.

Mafuta ya kulegeza kutu pia yana hadithi zake. Wapo wanaoamini kwamba ukimwagia mafuta chembani, fataki litalowa na risasi itakuwa imekufa. Baadhi ya mafataki hufa kwa mafuta, mengine yamezibwa vizuri na hubaki hai siku nyingi. Huwezi kujua lako ni lipi. Mafuta yatumike kulegeza tu, na baada ya hapo chemba ikaushwe kabisa, kwa sababu ganda lililofyatuliwa ndani ya chemba yenye mafuta haling'ang'anii kuta, na mzigo wote wa mlipuko huenda kwenye bolti.

Mara nyingine risasi nzima hukubali kutoka nusu: ganda linatoka, kichwa kinabaki kimenaswa na michirizi ya ndani ya mtutu, na baruti inamwagika ndani ya mitambo. Hutokea pale kichwa kilipokaa mbele mno kwenye ganda. Usishtuke. Sigara zizimwe kwanza, kisha geuza bunduki, mwaga baruti yote, futa kwa brashi kavu na kitambaa. Kichwa hicho sasa hakina nguvu yoyote, lakini mtutu umezibwa, na bunduki haifyatuliwi hadi ung'olewe uzibo huo.

Ganda tupu ni habari nyepesi zaidi. Kwanza liache lipoe. Shaba hunywea karibu mara moja na nusu ya chuma inapopoa, kwa hiyo ganda lililobana wakati mtutu ungali wa moto linaweza kuachia lenyewe baada ya robo saa kivulini. Wenye friji kubwa kambini huiweka bunduki humo kwa muda, na hufaulu. Wapishi tu ndio hulalamika. Baada ya hapo funga bolti, inua kwa kiganja au nyundo ya mpira, kama nilivyoeleza.

Likigoma bado, na una hakika kabisa kwamba ni ganda, hapo ndipo ufito una kazi yake. Toa bolti. Tafuta ufito wa kipande kimoja, wa shaba au chuma kilichofunikwa plastiki, unaokaribia upana wa mtutu bila kubana. Ule wa vipande vya alumini unaofungwa kwa skrubu hujikunja, ukajikita, nawe ukawa na kitu cha pili kilichokwama. Uingize polepole kupitia mdomo wa mtutu hadi uguse chini ya ganda. Kabla ya kugonga, upime kwa kuweka ufito nje, sambamba na mtutu: kama umesimama mapema, kabla haujafika kwenye kitako cha ganda, basi kuna kichwa cha risasi ndani na hesabu yako ilikuwa na kosa. Acha hapohapo. Kama umefika chini, vipigo vichache vya nyundo ya mpira vitalitoa.

Lee-Enfield za .303 zina ugonjwa wao. Chemba zake nyingi zilichongwa pana, ili zipokee risasi zenye matope ya mahandakini, na ganda hutanuka sana kila linapofyatuliwa. Ganda chakavu, hasa lililojazwa upya mara kadhaa kama wanavyofanya wapenda shabaha wa Uingereza na Marekani, hukatika karibu na kitako. Bolti inakuja na kitako peke yake, mwili wa ganda unabaki chembani kama bomba. Dalili yake ni kwamba risasi inayofuata inaingia nusu na kukataa. Usiisukume. Jeshi la Uingereza lilikuwa na kifaa maalumu cha kuvutia mabaki hayo, na bado vinapatikana vya vipimo mbalimbali. Kama huna, brashi ya shaba ya kipimo kilicho kikubwa kidogo, ikiingizwa kutoka nyuma hadi ipite shingo ya ganda kisha ikavutwa kurudi, nywele zake hukita kwenye mdomo wa ganda na kulitoa.

Na lipo jambo moja ambalo si la kujaribu porini kwa hali yoyote. Umevuta kifyatulio, badala ya mlio umesikia pumzi, bega halikupigwa. Huenda kichwa cha risasi kimesimama katikati ya mtutu. Ganda litatoka bila shida, risasi mpya itaingia bila shida, na ukifyatua tena mtutu utapasuka mbele ya mkono wako wa kushoto. Risasi za .458 Winchester za miaka ya mwanzo, baada ya 1956, zililalamikiwa sana na wawindaji wa Afrika kwa sababu baruti nyingi ilishindiliwa ndani ya ganda fupi, ikagandamana na kuwaka vibaya. Ukisikia pumzi, uwindaji wa siku hiyo umekwisha.

Ukishaokoka, tafuta chanzo, maana risasi haikwami bure. Chanzo cha kwanza ni uchafu. Ukanda wa pwani una chumvi hewani, nyika ina vumbi laini kama unga, na vyote hukaa chembani, mahali ambapo brashi ya mtutu haifiki vizuri. Chemba inataka brashi yake, pana, na kitambaa kikavu mwishoni. Wanaofyatua risasi za kijeshi za zamani waelewe kwamba mafataki yake huacha chumvi ambayo mafuta hayaiondoi. Huoshwa kwa maji ya moto, kisha mtutu hukaushwa na kupakwa mafuta.

Chanzo cha pili ni namna risasi zinavyotunzwa. Mkanda wa ngozi wenye vishikio vya risasi unapendeza kiunoni, lakini dawa za kulainishia ngozi hula shaba na kuifanya iote ukungu wa kijani, na risasi yenye ukungu huo hujikita chembani. Bebea mkanda, hifadhia kwenye boksi. Kila risasi ifutwe na kutazamwa kabla ya kuingia bunduki: iliyobonyea, yenye kutu, au ambayo kichwa chake kinacheza, iwekwe kando. Soma pia maandishi kwenye kitako, hasa kambini ambako bunduki za vipimo tofauti hulala chumba kimoja.

Chanzo cha tatu ni joto, na hili ni la kwetu kweli. Risasi zilizoachwa juu ya dashibodi ya Land Cruiser mchana wa Oktoba huwaka kwa mgandamizo mkubwa kuliko kawaida, ganda likabana, bolti ikawa ngumu. Watengenezaji wa London walilijua hilo zamani, wakati wa baruti ya kordaiti iliyobadilika sana na joto. Rigby walipoitoa .416 yao mwaka 1911 waliipa ganda kubwa mno ili mgandamizo ubaki chini hata kwenye jua la tropiki, na .375 ya Holland & Holland ya 1912 ina ganda refu linalochongoka taratibu, umbo linaloingia na kutoka chembani kwa urahisi. Bolti ikianza kuwa ngumu kwa risasi mbili tatu mfululizo, fataki nalo likionekana limebapaa, acha kufyatua boksi hilo lote.

Kuhusu fundi: mpigie simu kwanza. Usiingie dukani kwake, kituo cha polisi wala nyumbani ukiwa na bunduki yenye risasi nzima chembani, hata kama umeifunga kitambaa chekundu. Mweleze hali, naye ataamua aje au akuelekeze. Awe fundi mwenye kibali. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kumkabidhi silaha mtu asiyeruhusiwa ni kosa la mwenye leseni. Wakati wa kusubiri, bunduki ilale mtutu ukielekea ukingo wa udongo, bolti imetolewa kama inatoka, na mtu mmoja aliyekabidhiwa akae nayo asiondoke. Fundi akikwambia baadaye kwamba chemba imeliwa na kutu, usimwombe aisugue tu ili umalize msimu. Mwachie bunduki aitengeneze hadi aridhike.